Barafu ya Mistari

Mama mkwe wangu ana kanuni moja tu kuhusu nyoka: mwenye pete ana sumu, asiye na pete ana sumu zaidi. Kwa kanuni hiyo amezeeka salama kwenye miteremko ya Usambara Mashariki, akiingia na kutoka mashamba ya iliki alfajiri na magharibi, na hajawahi kuumwa na kitu kikubwa kuliko siafu. Mwanawe wa kwanza, ambaye ndiye mume wangu, anafundisha bayolojia sekondari na hakubaliani na kanuni hiyo hata kidogo. Yeye anataka kila nyoka atajwe kwa majina yake yote mawili, tena ya Kilatini, kabla mtu hajakimbia.

Hapo ndipo tabu yetu ilipoanzia.

Tunakaa njia ya kupanda Amani ukitokea Muheza. Milima hii imezoea watu wa kuhesabu wadudu. Wajerumani walianzisha taasisi yao ya utafiti hapo Amani mwaka 1902, na tangu wakati huo hajakosekana mgeni mwenye kofia pana na wavu mkononi. Mmoja wao, Mwingereza Arthur Loveridge, alipita huku miaka ya 1920 akikusanya vyura, vinyonga na nyoka, na mwaka 1928 yeye na Thomas Barbour wa Harvard wakachapisha kazi kubwa ya kulinganisha viumbe hao wa Uluguru na wa Usambara. Mume wangu, ambaye mtaa mzima unamwita Mwalimu na mimi nitamwita hivyohivyo humu ili tusigombane, humtaja Loveridge kwa sauti ya mrithi.

Nyoka wa kwanza alikuja na mvua za masika. Alikuwa mdogo, mfupi kuliko mwiko wangu wa ugali, mweusi mwenye pete za rangi iliyopauka kutoka shingoni hadi mkiani. Alitokea usiku, pembeni ya mfereji nyuma ya bafu. Binti yetu Rehema alimmulika kwa tochi ya simu, akarudi ndani taratibu, akasema, "Baba, kuna nyoka wa pete." Kabla Mwalimu hajapata miwani yake, mdogo wake Hoza, shemeji yangu, alikwisha kutoka na mpini wa jembe.

"Kichwa! Usimpige kichwa!" Mwalimu akapiga kelele kutoka mlangoni.

"Kaka, mimi nilikuwa nalenga hichohicho kichwa."

Mwalimu aliinama pale kwenye matope akiwa na huzuni ya kweli. Kumbe kwa watu wa fani yake kichwa cha nyoka ndicho chenye cheti cha kuzaliwa. Nyoka wengi wana gamba moja dogo lililokaa kati ya gamba la pua na gamba la mbele ya jicho. Jamii ya swila na koboko, ambayo wataalamu huiita Elapidae, haina gamba hilo. Ukilikosa unajua uko kwenye mashaka, ingawa wapo na wengine wanaolikosa. Mtu mwenye macho mazuri na subira anaweza kuondoa nusu ya wasiwasi kwa kulitafuta gamba hilo tu. Hoza alikuwa ameshalisaga pamoja na jicho lenyewe.

"Basi zimebaki pete," Mwalimu akasema.

"Nimeshawaambia," Mama akajibu kutoka dirishani. "Ana pete."

"Pete si ushahidi, Mama."

"Haya, mshike mkononi."

Usiku ule hapakuwa na spiriti ndani ya nyumba na maduka yalikwisha fungwa. Mtu mwingine angemtupa chooni. Mwalimu alijua kwamba nyoka aliyekufa akikaa kwenye joto letu huanza kuoza upesi, magamba yakaachia ngozi, hesabu ikaharibika. Akatazama huku na huku, akaviona vimfuko vyangu vya barafu. Akamtia nyoka kwenye kimojawapo, akaongeza maji kidogo, akafunga fundo kama ninavyofunga mimi, akamlaza kwenye friji upande wa kushoto, nyuma ya barafu za ukwaju. Hakuniambia. Baadaye alijitetea kwamba nilikuwa nimelala.

Hapa inabidi nieleze kwamba friji lile si la anasa. Ndilo duka langu. Nauza barafu za ukwaju, za ubuyu, na msimu ukiruhusu za embe, na wateja wangu ni watoto wa shule ya msingi wanaotoka saa nane na nusu wakiwa na jua kichwani na sarafu mkononi. Siku nikiwa kwenye cherehani huwa siinuki. Namwambia mtoto ajichukulie mwenyewe, pesa aweke kwenye bakuli.

Aliyemtoa alikuwa msichana wa darasa la tatu, mpole, mwenye adabu zake. Alikuja nayo hadi mbele ya cherehani, akaiinua ipitiwe na mwanga wa dirisha.

"Shikamoo Mama Rehema. Hii ya mistari ni ladha gani?"

Niliitazama. Ndani ya ukungu wa barafu pete zilikuwa zimejipanga mzunguko juu ya mzunguko, safi kabisa, nyeusi, iliyopauka, nyeusi, iliyopauka, na kwenye kona moja kiliinama kile kichwa kilichopondwa. Mkono wa mtoto ulikuwa ukidondosha maji sakafuni.

"Marahaba. Hiyo haiuzwi mwanangu," nikasema. "Chukua ya ukwaju. Ya bure."

Alichukua, akashukuru, akaenda kuwahadithia wenzake. Kufika magharibi habari ilikuwa imekua: Mama Rehema ana barafu mpya, ina nyoka ndani, ukila hupati malaria. Kesho yake walikuja watoto wengi kuliko siku zote, wote wakitaka ya mistari. Keshokutwa wakaja wazazi, na hao hawakutaka barafu yoyote.

Nilimwita mume wangu faragha. Yaliyosemwa huko hayaandikwi gazetini. Itoshe tu kwamba nyoka alihamia kwenye chupa ya spiriti, chupa ikahamia juu ya kabati la vitabu, na Mwalimu akaahidi kwamba hakitaingia tena kwenye friji kitu kisicholiwa.

Lakini uvumi ulikwisha fanya kazi yake. Watu walisikia kwamba pale kwa Mwalimu nyoka wanatunzwa. Haukupita muda Mzee Kaniki, jirani yetu wa chini, akabisha hodi na kopo la rangi. Alikuwa akichimba magimbi, jembe likampata mtu ardhini. Ndani ya kopo alikuwamo nyoka mkubwa zaidi ya yule wa kwanza, mweusi wa kung'aa, na badala ya pete pana alikuwa na vimistari vyeupe vyembamba kama uzi, viwili viwili, vikikatiza mgongo kwa nafasi. Vingine vilikuwa vimefifia hata huvioni mpaka umgeuze kwenye mwanga.

Mama alichungulia. "Huyu pete zinamwisha," akasema. "Ana sumu zaidi."

Hoza alitaka kupigwa picha akiwa amemshika nyuma ya kichwa, mtindo wa watu wa kwenye televisheni. Mwalimu akamkamata kiwiko. Nyoka mwenyewe alikuwa amekatika karibu vipande viwili, lakini hoja ya Mwalimu ilikuwa nzito, na ningependa kila kijana mwenye simu aisikie. Nchini kwetu wapo nyoka wadogo weusi wa jenasi Atractaspis, wakaao ardhini, ambao meno yao ya sumu hutokezea ubavuni mwa mdomo bila kuufungua. Ukimshika nyuma ya kichwa unadhani umemweza, kumbe umempa kidole. Anageuza jino moja upande na kuchoma. Na nyoka aliyekatwa leo asubuhi hajawa maiti kamili leo mchana. Kichwa huweza kung'ata baada ya kila mtu kuridhika kwamba kimekufa.

Picha haikupigwa.

Usiku ule meza ya chakula ikageuka maabara. Mwalimu alikuwa na nakala ya kurasa kadhaa za kile kitabu kinene cha mwaka 2002 kuhusu wanyama watambaao wa Afrika Mashariki, cha Stephen Spawls, Kim Howell wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Robert Drewes na James Ashe. Kitabu hicho kina ufunguo wa utambuzi, yaani mlolongo wa maswali. Ukijibu ndiyo unakwenda huku, ukijibu hapana unakwenda kule, mpaka ubaki na jina moja. Nilichokiona haraka ni kwamba maswali ya kwanza karibu hayana habari na rangi. Kinachotakiwa ni hesabu.

Hesabu yenyewe inahitaji mkono wa mshonaji. Unakwenda katikati ya mwili, unaanzia gamba lililogusana na yale mapana ya tumboni, unapanda mshazari, unavuka mgongo, unashuka hadi tumbo la upande wa pili. Mwalimu alipotea mara kadhaa hapo mgongoni, akawa anarudia, hadi nikampa pini zangu za kushonea achomeke moja kila baada ya magamba matano. Baada ya hapo yanahesabiwa magamba ya tumbo kutoka shingoni hadi kwenye njia ya haja, kisha ya chini ya mkia, ukiangalia kama yamekaa moja moja au mawili mawili. Mama alitazama mambo haya yote huku akichambua mchele, akatoa neno moja tu: kwamba baba yao alikuwa akihesabu mbuzi.

Safu zilikuwa 13. Hapo Mwalimu akasimama, akatembea hadi mlangoni, akarudi. Vinyoka wa jenasi Lycophidion, weusi weusi na wasiodhuru mtu, ambao ndio waliotarajiwa na mtu mwenye matumaini, huwa na 17. Hao wetu walikuwa Elapsoidea, ndugu wa mbali wa swila, wenye meno ya sumu mbele ya mdomo. Sumu yao si ya kuua. Waliopata kuumwa wanasimulia maumivu na uvimbe, na hakuna kifo kinachojulikana. Lakini ni sumu, na dawa ya sumu ya nyoka iliyoko hospitalini haikutengenezwa kwa ajili yao. Mama aliposikia hayo hakuinua hata uso kutoka kwenye ungo.

Mwalimu hakuridhika na jenasi. Alitaka spishi, na akaona mbili. Yule mkubwa alikuwa Elapsoidea nigra, mwenyeji wa milima hii, aliyepewa jina na Albert Günther mwaka 1888. Huyo hukaa kwenye udongo laini na majani yaliyooza, na hula wale viumbe wa jamii ya vyura wasio na miguu, wanaofanana na nyungunyungu aliyenenepa, ambao Usambara imejaaliwa kuwa nao kwa wingi. Yule mdogo, kwa pete zake pana, Mwalimu alishawishika kuwa ni Elapsoidea loveridgei, wa nyanda za juu za Kenya na kaskazini mwa Tanzania. Kumpata huku kwetu ingekuwa habari. Akachukua karatasi ya mistari, akaanza kuandika barua kwenda chuo kikuu. Nilisoma mwanzo wake: "Kwa heshima na taadhima, ninayo furaha."

Rehema yuko kidato cha pili. Wakati baba yake akitafuta kivumishi cha kutosha, yeye alikuwa amewalaza wale nyoka wawili sambamba kwenye sinia, anawapiga picha kwa karibu na kuikuza picha kwa vidole viwili. Akauliza swali kwa sauti ya mtu asiyetaka kumharibia mzazi wake jioni.

"Baba, hebu tazama pete ya huyu mdogo. Kingo zake ni nyeupe kuliko katikati, si ndiyo?"

"Ndiyo."

"Na katikati pameanza kuwa na giza."

"Kidogo."

"Sasa ukipajaza weusi pale katikati, zikabaki kingo tu, utapata nini?"

Mwalimu alivua miwani. Aliitazama simu, akatazama sinia, akaitazama simu tena. Utapata vimistari viwili vyembamba vyeupe. Halafu nafasi. Halafu vingine viwili. Safu za magamba zilikuwa 13 kwa wote, chini ya mikia yote miwili yamekaa mawili mawili. Sinia lilikuwa na mtoto na mtu mzima wa spishi moja. Ndivyo walivyo karibu wote wa jenasi ile: huzaliwa na pete za kuonekana mbali, na kadiri wanavyokua pete hujaa giza kutoka ndani, zikaacha kingo, na mwishowe kwa baadhi yao hata kingo hupotea.

Barua ilikunjwa, ikatumika kuwashia jiko asubuhi.

Kwa haki yake, Mwalimu alikuwa na wenzake wakubwa. Jenasi hii ilianzishwa na Mreno Barbosa du Bocage mwaka 1866, na tangu hapo imekuwa ikipanguliwa na kupangwa upya. Huyo loveridgei mwenyewe, H. W. Parker alipompa jina mwaka 1949, hakumpa spishi yake. Alimweka chini ya sundevallii wa kusini mwa Afrika, awe nususpishi tu. Donald Broadley aliyefanya kazi zake Zimbabwe akaipitia jenasi nzima mwaka 1971, na leo loveridgei anasimama peke yake. Mwaka 1997 akapatikana wa Somalia, akaitwa broadleyi. Mpangaji naye akapangwa.

Na si kwetu tu. Hoza, ambaye amewahi kuvua dagaa Kigoma, alituambia kuhusu swila wa maji wa Ziwa Tanganyika, aliye na pete shingoni na mwili uliobaki mtupu. Mwalimu akadakia kwamba ndugu zake wa mito ya Kongo wana pete mwili mzima, na bado wote wanahesabiwa spishi moja, Naja annulata. Zamani walipewa hata jenasi yao, Boulengerina, hadi uchunguzi wa vinasaba uliporudisha wote kwenye ukoo wa swila wengine. Kuna kisa kinachonifurahisha zaidi, cha California. Huko kulikuwa na nyoka wa aina mbili, mmoja mwenye pete za kuzunguka, mwingine mwenye mstari mmoja mrefu mgongoni, na kila mmoja alikuwa na jina lake kwenye vitabu. Miaka ya 1930 Laurence Klauber wa San Diego akaonyesha kwamba mayai ya mama mmoja hutoa watoto wa aina zote mbili. Wenye pete na wenye mstari ni ndugu wa tumbo moja.

"Na huyo Klauber," Mwalimu akaniambia kwa msisitizo, "hakuwa profesa. Alikuwa mhandisi kwenye kampuni ya umeme."

Nikamwuliza kama mke wake alikuwa akiuza barafu.

Tungeishia hapo kama si paa la jiko. Lilikuwa linavuja, na Hoza akaleta makuti kutoka Pangani kwenye kigari cha kukodi. Walipokuwa wanashusha, kutoka kwenye fungu la tatu au la nne akadondoka nyoka wa rangi ya chungwa iliyofifia, mwenye madoa meusi mapana yaliyokatiza mgongo wote. Pete tena. Mwalimu alikuwa shuleni. Mimi nilileta ndoo ya lita ishirini, Hoza akamsukumia ndani kwa fagio la chelewa, nikaweka kifuniko na jiwe juu yake. Mama alisimama mlangoni na mchi. Alikuwa na hamu ya kuutumia.

Mwalimu alirudi, akainua kifuniko upande mmoja, akatabasamu. "Aa, huyu hana neno. Ni Telescopus semiannulatus. Mla mijusi. Kwenye makuti ndiko nyumbani kwake."

"Umemjuaje?" nikauliza.

"Si unaona rangi? Chungwa na nyeusi."

Hakuna aliyesema kitu. Rehema aliangalia juu. Nilimwacha mume wangu aisikie sentensi yake mwenyewe ikirudi, nikaona mkono ukitoka kwenye ndoo na kifuniko kikirudi mahali pake.

Akakaa kwenye kigoda, akatuhadithia habari ya Joe Slowinski. Alikuwa Mmarekani wa California Academy of Sciences, na utaalamu wake ulikuwa hasa jamii hiyohiyo ya swila. Mwaka 2000 yeye na Wolfgang Wüster walikuwa wamempa jina swila mpya wa Myanmar. Mwaka uliofuata alirudi nchini humo na msafara, milima ya kaskazini. Asubuhi ya tarehe 11 Septemba 2001, siku ambayo dunia nzima ilikuwa na habari nyingine, aliletewa mfuko wenye nyoka mdogo wa pete nyeusi na nyeupe, akaambiwa ni yule asiye na madhara. Huko Asia wapo kweli nyoka wasiodhuru waliovaa pete zilezile za nyoka wa jenasi Bungarus, ambao sumu yao hulegeza misuli hadi pumzi ikakatika. Aliingiza mkono. Akaumwa kidoleni. Alipokosa pumzi wenzake walimpulizia kwa midomo kwa zamu, saa baada ya saa, wakisubiri helikopta ambayo hali ya hewa haikuiruhusu. Alikufa siku ya pili, ana miaka 38. Mwaka 2005 wenzake wa fani walitoa jina Bungarus slowinskii.

"Na tofauti ya wawili hao," Mwalimu alimalizia, "iko juu ya uti wa mgongo. Bungarus ana safu moja katikati yenye magamba makubwa kuliko ya pembeni, yenye kona sita. Huyu mwingine hana. Lakini lazima uangalie kabla ya kushika."

Tukaafikiana kwamba ndoo ikae uani hadi mwanga wa asubuhi, na jiwe juu.

Alfajiri Hoza alihitaji jiwe la kuzuia gurudumu la pikipiki yake iliyoegeshwa mteremkoni. Alilichukua lile la karibu. Jua lilipotoka ndoo ilikuwa tupu, kifuniko kimeinama, na mlango wa nyuma ulikuwa wazi.

Wale wanaosema nyoka ni mnyama mwoga hawajawahi kumkosa ndani ya nyumba yao. Tulitoa magodoro. Tulikung'uta mapazia. Mwalimu aliingia uvunguni na tochi, akawa anatangaza kutoka huko kwamba mnyama huyu hutembea usiku tu, kwa hiyo tusiwe na wasiwasi hadi magharibi. Hoza alikumbuka ghafla kwamba ana abiria Muheza. Jioni mimi na Rehema tulikwenda kulala kwa Mzee Kaniki. Mama alikataa kuondoka. Alisema nyumba ni yake, amezalia humo, na mgeni ndiye anayepaswa kutafuta pa kulala. Alikaa kitandani usiku kucha, miguu juu, mchi mapajani.

Niliyemkuta ni mimi. Nilikuwa na sare za shule za watu za kumaliza, na cherehani haingoji. Nikavuta droo kuchukua futi. Futi lilikuwamo, limeviringishwa. Nyuma yake kulikuwa na viringo jingine, la rangi ya chungwa, na katikati ya viringo kichwa kipana kilichokaa juu ya shingo nyembamba, na jicho kubwa lenye ufa mmoja mweusi wima. Lilinitazama. Nilisukuma droo kwa goti, polepole, hadi ikafunga, nikakaa palepale nimeibana, nikaita, "Baba Rehema," kwa sauti ambayo hajawahi kuisikia tena tangu siku ile.

Safari hii alifanya kazi yake inavyotakiwa. Tulitoa droo nzima, tukaishusha ndani ya beseni refu uani. Hakugusa kitu. Rehema alipiga picha kutoka mbali na kuzikuza. Mboni ya wima: ndiyo. Kichwa kilichoachana na shingo: ndiyo. Lile gamba dogo kati ya pua na jicho: lipo, wazi kabisa. Picha moja ya ubavu ilitosha kuhesabu nusu ya safu, na hesabu ikaelekea 19. Rangi waliitazama mwisho. Alikuwa Telescopus kweli, meno yake ya sumu yako nyuma ya taya, na sumu yenyewe ni ya kuwamaliza mijusi, si watu. Hoza alimrudisha Pangani ndani ya ndoo ileile alipokwenda kuchukua makuti ya kumalizia, na kifuniko kilifungwa kwa kamba.

Wale wawili wa kwanza wako maabara ya shule, kwenye spiriti, na lebo imeandikwa kwa mkono wa Rehema: Elapsoidea nigra, mtoto, Elapsoidea nigra, mtu mzima. Tayari rangi zimeanza kuchujuka, maana spiriti hula rangi. Safu zitabaki 13. Mama hajabadilisha kanuni yake, na sasa nimekubali kwamba kwa mtu asiye na miwani wala kitabu ndiyo kanuni bora: usimshike yeyote, mwenye pete wala asiye na pete, mzima wala aliyekufa, mkubwa wala mtoto. Aondoke mwenyewe au aitwe mtu anayejua. Ukiumwa, nenda hospitali hata kama mwenye nyumba ameshamtaja nyoka kwa Kilatini.

Na wewe mama mwenzangu unayeuza barafu na umeolewa na mwalimu wa bayolojia, usipoteze muda kubishana. Nunua kufuli la friji, na ufunguo ukae kwako.